Sponsa ana mashimo thelathini, wewe una moja

Kila nikitaja kwamba niliacha chuo juu ya startapu, vijana wananiuliza swali lile lile: "Buda, mlipata aje wawekezaji?" Hakuna anayeuliza tuliwarudishia nini. Hakuna anayeuliza ni nani mwingine alitupa pesa kabla yao. Leo nitajibu hilo swali, lakini naanzia nyumbani, juu haya mambo niliyaona kwa shimo la dhahabu miaka mingi kabla sijasikia neno mwekezaji.

Kwa asiyejua, Osiri ninayosema ni ile ya machimbo, Nyatike, kaunti ya Migori, upande wa Macalder. Wazungu walikuja kutafuta dhahabu huku enzi za ukoloni, mgodi mkubwa ukafungwa miaka ya 1960, na sisi tukabaki tukifuata mishipa kwa nyundo na tochi. Baba mdogo ana shimo. Shimo linakula pesa kabla halijatoa kitu: mbao za kuzuia kuta zisiporomoke, petroli ya pampu ya maji, kamba, unga na omena za wachimbaji. Mnaweza kukaa miezi mitatu mnatoa mawe matupu. Hapo ndipo anaingia sponsa.

Sponsa hashuki chini. Analeta pesa, anangoja. Siku mawe ya maana yakianza kutoka, yanagawanywa kwa magunia: mwenye shamba na fungu lake, mwenye shimo na lake, wachimbaji na lao, sponsa na lake. Shimo likikauka, sponsa amepoteza. Hakupeleki kwa chifu, hachukui ng'ombe wako. Agano hilo halijaandikwa popote na kila mtu Osiri analijua tangu akiwa mtoto. Lakini usidhani sponsa ni mjinga. Ana kijana wake amekaa pale mdomoni mwa shimo mchana kutwa, kazi yake ni kuhesabu magunia tu. Na sponsa wa kweli hana shimo moja. Ana kumi, ana ishirini, mengine yako hadi upande wa Tanzania. Anajua mengi yatakufa. Anatafuta lile moja litakalolipia yote.

Huo ndio mtaji wa ubia. Ukielewa hapo, umeelewa sehemu kubwa ya yale wanayofundisha kwa semina za Nairobi kwa siku tatu na chai ya saa nne.

Wamarekani wenyewe walianza hivi hivi, na hawakuanzia kwa kompyuta. Karne ya 19 matajiri wa New Bedford walikuwa wakifadhili meli za kuwinda nyangumi. Meli inaenda miaka mitatu au minne, mabaharia hawana mshahara, wanagojea fungu la mafuta. Meli nyingine hazikurudi kabisa. Aliyeweka pesa kwa meli moja aliweza kulala njaa, aliyegawanya pesa zake kwa meli nyingi alijenga nyumba kubwa. Mwaka 1946 profesa mmoja wa Harvard, Georges Doriot, akasaidia kuanzisha kampuni ya kufadhili biashara changa huko Boston. Mwaka 1957 waliweka dola 70,000 kwa vijana wawili waliotaka kutengeneza kompyuta, kampuni ikaitwa Digital Equipment. Walichukua zaidi ya theluthi mbili ya hisa. Zile dola 70,000 zikaja kuwa mamia ya mamilioni. Tangu hapo kila mwekezaji duniani anaota shimo kama lile.

Kitu kimoja sikukijua nilipokuwa nahangaika: yule mtu unayekutana naye Westlands, mwenye viatu visafi, mara nyingi pesa si yake. Na yeye ana sponsa. Amezichukua kwa mifuko ya pensheni, kwa familia tajiri, na kwa hapa kwetu Afrika sana sana kwa mashirika ya maendeleo ya serikali za Ulaya, kama BII ya Waingereza au Norfund ya Wanorwe. Kwa kawaida anakata kama asilimia 2 kwa mwaka ya kuendesha ofisi, na siku ya mavuno anabaki na asilimia 20 ya faida. Mfuko wenyewe una maisha, miaka kumi hivi, halafu lazima pesa zirudi kwa wenyewe. Kwa hivyo akikuharakisha, usidhani amekuchukia. Kuna mtu anahesabu magunia yake pia.

Sasa yetu.

Mama anaponda mawe. Amefanya hiyo kazi tangu nikiwa darasa la pili. Wanaume wanatoa mawe, wanawake wanayaponda na kuyaosha, na mwisho wa siku mama ana kitone cha dhahabu ndani ya karatasi. Broka anapima kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Mwanzoni mwa 2023 broka pale machimboni alikuwa anampa shilingi 600 kwa pointi, na Migori mjini, safari ya matatu moja tu, mtu alikuwa analipa 720. Mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni, kifua mbele, nikaona hapa kuna startapu. Tulikuwa watatu, wanafunzi wa darasa moja. Tukaunda programu ya kutuma bei ya siku kwa simu, hata kwa kabambe, ujumbe wa kawaida tu. Jina silitaji, limeshazikwa, acha lipumzike.

Pesa za kwanza kabisa hazikutoka kwa mwekezaji. Zilitoka kwa chama cha mama. Wanawake 14, kila mmoja shilingi 6,000, jumla 84,000. Zilisajili kampuni, zikalipa jumbe za majaribio, zikatupeleka Nairobi mara mbili. Shilingi 6,000 kwa mtu anayeponda mawe ni wiki ngapi? Fanya hesabu mwenyewe. Mweka hazina alinipa zikiwa zimefungwa kwa leso, akasema, "Nyathiwa, mtoto wetu, nenda utuletee kitu." Hatukuandikiana.

Halafu tukaanza kutafuta pesa kubwa. Niseme venye ilikuwa. Tuliandika barua pepe kama 40, tukajibiwa 6. Kilichofungua mlango ni mtu kutujua: msichana mmoja aliyekuwa mbele yetu chuoni alikuwa anafanya kazi kwa ofisi moja ya wawekezaji, akatutaja. Huo mchezo ni wa kujulishwa, na kama hujasoma na wao au hujala na wao, unaanza nyuma. Mwaka 2017 shirika la Village Capital lilitoa ripoti iliyoangalia pesa zilizoingia Afrika Mashariki kwa startapu za huduma za kifedha 2015 na 2016, ikakuta karibu asilimia 90 zilienda kwa kampuni zenye mwanzilishi wa kutoka Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Mimi sikuwa nimeisoma, nilikuwa naihisi tu kwa ngozi.

Kikao cha kwanza niliulizwa, "Soko lenu ni kubwa kiasi gani?" Nikasema ukweli: machimbo ya Osiri na majirani zake. Nikaona macho ya yule jamaa yanazima. Kikao cha pili nikaja na ramani ya Afrika nzima, wachimbaji wadogo wote kuanzia Migori hadi Ghana, na macho yakawaka. Sikudanganya hata takwimu moja siku hiyo. Nilidanganya ukubwa wa shimo. Baadaye nilidanganya na takwimu pia: tulikuwa na wanawake 212 wanaotumia huduma kila wiki, na kwa ripoti tukaandika 3,000, juu tulihesabu kila nambari iliyowahi kupokea ujumbe hata mara moja. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Tuliona tu ni kitu gani kinachofurahisha.

Agosti 2023 tukapata dola 25,000, kama shilingi milioni 3.6 kwa kiwango cha wakati ule. Mkataba ulikuwa wa SAFE, karatasi iliyobuniwa na Y Combinator mwaka 2013. Si mkopo, haina riba, haina tarehe ya kulipa. Mwekezaji anakupa pesa leo, na siku utakapopata wawekezaji wakubwa zaidi, pesa zake zinageuka hisa kwa bei nafuu. Y Combinator wenyewe siku hizi hutoa dola 125,000 kwa asilimia 7, na nyingine 375,000 kwa SAFE. Kwa kijana ni karatasi tamu, kurasa chache, unasaini jioni unalala tajiri.

Shida ni kwamba hisa zinayeyuka polepole huku unashangilia. Chukua waanzilishi watatu wenye asilimia 100. Uza 20, mmebaki na 80. Raundi ya pili uza tena sehemu ya tano, mna 64, na kila mmoja ana 21 na kidogo. Na kuna kipengele ambacho watu hawasomi, cha mwekezaji kulipwa kwanza. Tuseme ameweka milioni 50 kwa robo ya kampuni, halafu mambo yakaenda vibaya mkauza kampuni kwa milioni 60. Wewe unadhani robo ya 60 ni 15. Hapana. Anachukua 50 zake, nyinyi na wafanyakazi wote mnagawana 10. Siyo wizi, mlisaini. Osiri ingekuwa ni sponsa kuchukua gharama zake zote kabla magunia hayajagawanywa, na ninakuambia, hapo nyundo zingeruka.

Turudi kwa chama. Tulipokuwa tunaandaa orodha ya wenye hisa, tukashauriwa kwamba iwe safi. Neno lilikuwa hilo, safi. Wanawake 14 wa kijijini wenye vipande vidogo, kila mmoja wa kutafutwa asaini kila raundi, wengine hawana barua pepe, ingetisha wawekezaji wanaofuata. Basi tukasema hao tutawarudishia pesa zao tukitulia. Mimi ndiye niliyesema. Mama alikuwa mmoja wa wale 14.

Sitaficha, miezi ya kwanza ilikuwa raha. Nikaacha chuo rasmi. Tukaajiri watu wanne, tukakodi chumba Migori mjini. Mwekezaji hakuwa mtu mbaya, na hili nalisisitiza juu watu wanapenda hadithi yenye shetani. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa na simu ya dakika 30, anauliza kwa upole: watumiaji wangapi wapya, pesa zinaisha lini, Kakamega mnafungua lini. Akishauri kitu anasema ni ushauri tu. Lakini ushauri wa mtu unayetegemea akutambulishe kwa raundi ijayo si ushauri, unajua hilo. Tukaenda Kakamega. Tukatuma mtu Geita. Osiri kwenyewe nikawa naenda mara moja kwa mwezi, napiga picha, narudi.

Siku moja mama akaniambia kitu nikiwa nala. "Wuoda, bei tulikuwa tunaijua."

Ndiyo, walikuwa wanajua kwamba Migori mjini wanalipa zaidi. Kila mtu alikuwa na shangazi au jirani mjini. Kwa nini basi wanauza kwa broka wa machimboni? Juu broka ndiye aliyemkopesha mmoja karo ya muhula, mwingine akampelekea mtoto hospitali saa nane usiku kwa pikipiki yake. Unachukua pesa zake leo, dhahabu ya wiki ijayo ni yake, kwa bei yake. Broka ndiye mwekezaji wao. Sisi tulikuwa tunawatumia habari ya bei watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kuuza kwingine. Ni kama kumwambia mfungwa kwamba nje kuna jua. Wanawake 212 waliotumia huduma yetu walikuwa hasa wale wasio na deni, na walikuwa wachache kwa sababu hiyo hiyo.

Kama tungekaa Osiri miezi sita bila pesa ya mtu tungejua. Labda tungefanya jambo la mikopo, labda chama chenyewe kingekuwa broka. Lakini tulikuwa tumeshachora ramani ya Afrika na tumeipokelea pesa. Niliandika haya kwa ripoti ya Januari. Jibu lilikuwa kwamba ni mafunzo mazuri, na je, Geita inakwendaje?

Pesa za miezi 18 tulizimaliza kwa 10. Mei 2024 tukafunga. Mwezi huo huo Copia, iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kuwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Miaka miwili nyuma, Juni 2022, Kune ya kuuza chakula Nairobi ilifungwa baada ya kula dola milioni moja hivi kwa muda usiozidi miaka miwili. Nilikuwa nimewacheka Kune kweli kweli, nikiwa chuoni, ati Mfaransa amekuja kutufundisha kula chakula cha bei nafuu wakati vibanda vimejaa. Sikucheka tena.

Na usiseme pesa hizi hazifanyi kazi kabisa. Panda gari hadi Homa Bay, uelekee Sindo, uulize watu wa Victory Farms. Wanafuga ngege kwa vizimba ziwani, na mwaka 2023 walipata dola milioni 35, Creadev ya Ufaransa ikiongoza. Hao hao Creadev waliongoza dola milioni 50 za Twiga mwaka 2021. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya nani anamiliki ziwa letu, mimi ninayo na si ya leo. Lakini samaki wapo. Walianza na maji na vifaranga, wakaonyesha kwamba kila kizimba kikiongezwa kinaleta samaki zaidi wa kuuza, na pesa zikaongeza vizimba. Pesa za aina hii ni kama pampu. Kama mshipa upo, utaufikia haraka. Kama haupo, unafika haraka pia mahali ambapo haupo.

Siku ya kufunga akaunti tulikuwa na shilingi 190,000. Ilibidi tulipe mishahara ya mwisho, KRA, na wakili. Kwenye orodha ya wanaodai chama hakikuwepo, kwa kuwa kwenye karatasi chama hakikuwahi kuwepo. Mwekezaji nilimpigia nikitetemeka. Aliniandikia baadaye mistari mitatu: asante kwa safari, mmejifunza mengi, ukiwa na wazo jingine nitafute. Nilisoma mara tano nikitafuta hasira, hakuna. Ana kampuni 30. Hesabu yake ilikuwa imeshatuzika siku aliyotupa pesa.

Chama hakikuwa na kampuni 30. Kilikuwa na moja, sisi.

Nilipoenda kwa baba mdogo kumweleza alikuwa anakunywa uji, akaniuliza, "Sponsa anakudai?" Nikasema hapana. "Sasa unalia nini?" Nikamwambia kuhusu wale mama. Akanyamaza, akaweka kikombe chini. Osiri sponsa akipoteza ni hasara ya biashara. Ukila akiba ya mama ya mtu ni jambo lingine, na lina jina kwa Kijaluo ambalo sitaliandika hapa.

Kwa hivyo ninalipa. Video hizi unazoziona, harusi ninazopiga picha wikendi, kila mwezi shilingi 3,000 au ninachopata zinaenda kwa chama. Nimefikisha 31,000, zimebaki 53,000. Wanakutana Jumamosi nyuma ya krasha, kelele ya mashine imezimwa kwa saa moja. Mara ya kwanza nilipoleta pesa, mweka hazina alishika kalamu akaniuliza, "Hii niandike ni faida au ni deni?" Nikasema deni. Anauliza hivyo kila mwezi, hadi leo. Nadhani anafanya makusudi. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana.

Ndiyo sababu mtu akiniuliza mlipata aje wawekezaji, mimi huuliza kwanza: kabla yao, nani alikupa nauli? Yupo kwa karatasi? Wale wa mwanzo, mama, shangazi, rafiki aliyekuazima laptopu, ndio walioweka pesa wakati hukuwa na chochote cha kuonyesha. Huko Marekani mtu wa aina hiyo ana wakili na anapata hisa za bei ya chini kuliko wote. Kwetu anapata ahadi na soda.

Wiki mbili zilizopita kuna mtu wa Nairobi amenitafuta. Si yule wa kwanza. Ameona ninavyozungumza kuhusu mabroka na mikopo ya machimboni, anataka tuongee kuhusu chama cha wanawake kununua dhahabu chenyewe na kukopesha wanachama. Anasema kuna pesa ya kuanzia. Nilipeleka habari hiyo Jumamosi. Wanawake walisikiliza, mmoja alikuwa ananyonyesha, mwingine anafunga omena kwa gazeti. Mweka hazina hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza, "Safari hii tutakuwa kwa karatasi?"

Nikamwandikia yule mtu usiku huo huo, nikiwa bado Osiri, kwamba chama kitakuwa na hisa kwa jina lake, kabla ya mimi na kabla yake, na kwamba atakuja kusaini hapa, nyuma ya krasha, mbele yao.

Ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.